Mama Si Mtangazaji wa Redio

NYUMA YA KAMERA
Na Zuhura Mfaume

Msimu wa filamu za kuhitimu ukifika, mwanafunzi asiye na fedha za kumlipa msanii wa sauti hukumbuka kwamba ana mama, ana shangazi, ana bibi. "Mama, nisomee ukurasa mmoja tu." Mama anavaa miwani, anashika karatasi, na mara anageuka mtangazaji wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Mwanafunzi anashika kichwa: mbona hazungumzi kama siku zote?

Hazungumzi hivyo kwa sababu maneno si yake. Skripti imejaa "ndipo nilipotambua ya kwamba", na hakuna mama anayesimulia hivyo huku akichambua mchicha. Msimamo wangu ni huu: msomaji akiwa ndugu yako, kinachotakiwa kurekebishwa ni karatasi. Mwache asome kimya, kisha mwondolee karatasi na umwombe akusimulie. Anachokisema hapo ndiyo skripti yako mpya.

Wapo watakaosema kwamba huko ni kukwepa kazi ya mwongozaji. Hapana, kuongoza kunaanzia hapo, na kwetu kuna ugumu wake. Mtoto hamwambii mzazi "umekosea, rudia." Wengi huona haya, wakachukua rekodi ya kwanza na kwenda nayo hivyo hivyo. Lakini undugu unaowafunga mdomo ndio huo huo unaowapa njia. Bibi na mjukuu ni watani. Mjukuu anaweza kusema, "Bibi, mbona sauti imelala, au hujanywa chai?" Bibi atamjibu kwa makali yake, na baada ya hapo kila sentensi itatoka na uhai. Jaribu utani huo kwa baba yako uone kama kikao kitaendelea. Kwa baba, njia ni kuomba ufafanuzi: "Baba, hapo sijaelewa vizuri, hebu nieleze tena." Atarudia kwa utulivu wa mzazi anayemwelewesha mwanawe.

Kwa shangazi, tafuta msikilizaji. Kama sauti katika filamu inamwandikia ndugu aliyehamia Muscat, mkalishe mbele yake mtu anayemfahamu ndugu huyo. Watu wazima hawajui kuongea na maiki, ila wanajua kuongea na mtu.

Mwongozaji Martin Scorsese alilielewa jambo hili mapema. Alipokuwa mwanafunzi wa filamu New York University, mama yake, Catherine, aliigiza katika filamu yake fupi ya mwaka 1964, "It's Not Just You, Murray!" Baadaye, katika "The King of Comedy", akamtumia kwa sauti tu: mama asiyeonekana, anayemfokea mwanawe kutoka chumba kingine apunguze kelele. Hakumtaka awe mtu mwingine. Alimpa kazi ambayo mama yeyote anaifanya bila mazoezi.

Mambo ya ufundi si mengi. Rekodi chumbani, karibu na kabati la nguo au godoro lililosimamishwa ukutani, maana vitambaa humeza mwangwi. Zima feni, na friji kama inasikika. Maiki ikae shubiri moja hivi kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili herufi P isipasuke. Mwisho, rekodi ukimya wa chumba kwa nusu dakika. Utauhitaji kuziba mapengo wakati wa uhariri.

Wenye kupanga picha kwanza watalalamika kwamba masimulizi ya mdomoni hayaingii katika sekunde walizozitenga. Basi sauti itangulie, picha zifuate. Ni rahisi zaidi kurefusha picha ya barabara kuliko kumharakisha bibi katikati ya kumbukumbu.

Kabla filamu haijaoneshwa, msikilizishe aliyesema. Mambo ya nyumbani yakishaoneshwa ukumbini hayarudi, na ana haki ya kusema, "Hapo pa mjomba wako, toa." Ukishatoa, muulize anataka aandikwe kwa jina gani mwishoni mwa filamu. Kisha liandike mara mbili: kwenye sauti, na kwenye uandishi, kwa sababu maneno yaliyobaki ni yake.