Gari Likizima Njiani: Ulizeni Kabla ya Kulipa



Wengi wetu hapa Maplewood twalitegemea gari kwa kazi za usiku, kwa shule za watoto na kwa kuwazuru wagonjwa. Na wengi wetu magari hayo tumeyanunua yakiwa yameshatumika. Basi gari linapozima ghafla katika barabara ya 36 au ya 94, likakataa kuwaka tena, huja misiba miwili: hatari ya barabarani, kisha gharama ya gereji. Mwezi huu twaizungumzia yote miwili.

Kwanza usalama. Injini ikizima gari lingali mwendoni, usukani huwa mzito, na breki hubakiwa na nguvu ya kukanyagwa mara moja au mbili tu. Washeni taa za tahadhari, lisogezeni gari pembeni kulia wakati bado lina mwendo, ndipo mkanyage breki kwa uthabiti bila kuachia. Likikwama katikati ya njia kuu, bakini ndani mkiwa mmefunga mikanda, na mpige simu 911. Katika barabara kuu za miji yetu hii miwili hupita pia magari ya idara ya usafirishaji ya jimbo, yaitwayo FIRST, ambayo huwasaidia waliokwama bila malipo. Wakati wa baridi, mablanketi yasikose ndani ya gari.

Pili, uchunguzi. Magari tuliyoyazoea kwetu, kama Peugeot 504, yalikuwa na kabureta na platini, na dereva aliweza kuisafisha platini kwa kipande cha msasa akaendelea na safari. Siku hizi kazi ile hufanywa na sensa na kompyuta, na pampu ya mafuta ni ya umeme, imefichwa ndani ya tangi. Hata hivyo injini haijabadili mahitaji yake: yataka mafuta, hewa na cheche, kila kimoja kwa wakati wake. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: mkipiga stata, je, injini yazunguka au haizunguki?

(a) Ikiwa haizunguki, yasikika kimya au mlio wa tik-tik, tazameni betri, vichwa vya nyaya zake, na stata yenyewe. Ikiwa taa ya betri iliwaka kwenye dashibodi na taa za mbele zikafifia kabla ya gari kuzima, mshukiwa ni altaneta. Hapo kununua betri mpya peke yake ni kupoteza fedha, kwani nayo itaisha njiani kama ile ya kwanza.

(b) Ikiwa yazunguka lakini haiwaki, zungusheni ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, bila kupiga stata, na msikilize upande wa nyuma. Katika magari mengi pampu ya mafuta huvuma kwa muda wa sekunde mbili hivi. Isipovuma, chunguzeni fyuzi kwanza, kisha pampu.

(c) Ikiwa gari huzima likiwa moto, kisha huwaka baada ya kupoa nusu saa, ishukuni sensa ya fimbo kuu ya injini.

(d) Ikiwa injini yazunguka kwa wepesi na kasi isiyo ya kawaida, huenda mkanda wa taimingi umekatika. Acheni kupiga stata mara moja, kwani katika injini nyingine valvu hugongana na pistoni na hasara ikaongezeka.

Andikeni yote mliyoyaona na kuyasikia, mkamsomee fundi. Mwelezeni pia kama injini ilizima ghafla kama taa, jambo linaloelekeza kwenye umeme, au ilikohoakohoa kwanza, jambo linaloelekeza kwenye mafuta. Magari yote yaliyouzwa hapa Marekani tangu toleo la mwaka 1996 yana tundu chini ya dashibodi la kusomea hitilafu, na maduka mengi ya vipuri husoma bila malipo. Lakini namba inayotoka hapo ni ushahidi, si hukumu. Namba P0335, kwa mfano, huelekeza kwenye sensa tuliyoitaja au waya wake, na waya ni rahisi kuliko sensa.

Tatu, na hili ndilo wengi hawalijui: huenda kosa ni la kiwanda. Januari 2020 Toyota ilitangaza kuyarejesha magari karibu 700,000 nchini Marekani, kwa sababu pampu ya mafuta iliweza kusimama, injini ikazima na isiwake tena. Kabla ya mwaka huo kwisha idadi ilipita milioni 3, zikiwemo Camry, Corolla na Highlander za miaka kadhaa. Kabla ya hapo, mwaka 2014, General Motors iliyarejesha magari kama Chevrolet Cobalt, ambayo swichi ya ufunguo iliweza kujizima mwendoni na kuizuia mifuko ya hewa isifunguke katika ajali. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124.

Matengenezo ya namna hii ni bure kwa mujibu wa sheria, kwa gari lisilozidi miaka 15 tangu liuzwe mara ya kwanza, na haki hiyo ni ya mmiliki wa sasa hata kama amelinunua mkono wa nne. Taabu yetu ni kwamba barua ya kiwanda hutumwa kwenye anwani iliyoandikishwa, nasi twahama mara kwa mara, au twapokea barua ya Kiingereza tukaidhani tangazo la biashara.

Basi twaziomba kaya zote zisome ile namba ya gari yenye tarakimu na herufi 17, chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, kisha zipige simu ya bure ya mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA, 1-888-327-4236, kuuliza kama lina deni la matengenezo. Mwenye Kiingereza amsaidie jirani yake asiye nacho. Kuuliza si ujinga, na swali hili halina malipo.