Programu Yako Iko Wazi Kweli? Debuginfod Inakufungulia Boneti

Cheki hii. Uko na lapi inarun Linux, programu inaanguka katikati ya kazi. Umeambiwa hii ni programu huria, msimbo wake uko wazi, mtu yeyote anaweza kuusoma. Fiti. Sasa unafungua GDB, ile dibaga ya kusaka makosa, na unachoona ni safu ya namba zisizo na jina. Huo uwazi uko wapi, msee?

Ngori iko hapa. Debian, Fedora na Ubuntu hawakupei vile mwandishi aliandika. Wanachukua msimbo, wanaongeza viraka vyao, wanaugeuza kuwa lugha ya mashine, halafu wanatoa majina ndani ndio paketi iwe nyepesi. Ukienda kusaka msimbo mwenyewe kwa neti, ni rahisi kuangukia toleo lingine. Ni kama kupeleka gari ya 2012 Grogan, halafu fundi anafungua kitabu cha gari ya 2018. Mtachanganyikiwa wote wawili.

Debuginfod ndiyo dawa ya hiyo. Ni seva iliyotoka na elfutils 0.178, Novemba 2019, na wasee wa Red Hat ndio waliichapa. Kila programu hubeba alama yake inaitwa build-id, kawaida herufi na namba 40. Ichukulie kama namba ya chesisi. Dibaga inatuma hiyo alama, seva inarudisha yale majina yaliyotolewa, na kama inao, faili ya msimbo uliojenga paketi hiyo hiyo, viraka vikiwemo. GDB ilianza kuielewa kwa toleo la 10, mwaka wa 2020. Debian wakafungua seva yao 2021, na mwaka huo huo Fedora 35 ikaja nayo ikiwa imewashwa. Ubuntu wakafuata 2022, kwanza na majina pekee, msimbo ukaja baadaye.

Na bando? Swali poa. Majina ya programu kubwa yanaweza kula mamia ya MB, lakini msimbo unakuja faili moja moja, ile tu dibaga imeitisha. Ndio maana GDB hukuuliza kwanza kama uko sawa, na ukibonyeza enter bila kujibu, jibu ni la. Kuna kitu kingine hapo: seva inaona ni programu gani unachokora. Kama kazi yako ni ya siri, jipange.

Sasa mbona ikuhusu? Kumbuka Machi 2024. Andres Freund, injinia wa Microsoft, aliona kuingia kwa SSH kunachukua kama nusu sekunde zaidi. Akachimba. Kipimo chake kikaonyesha kazi inafanyika ndani ya liblzma, lakini hakikuweza kutaja jina la hiyo sehemu. Kumbe XZ 5.6.0 na 5.6.1 zilikuwa zimewekwa mlango wa nyuma. Na cheki ujanja: kipande kilichowasha huo mtego kilikuwa kwa furushi lililotumwa kwa wajenzi wa paketi, hakikuwa kwa msimbo ambao kila mtu alikuwa anausoma hadharani. Wasee walisoma kitu kimoja, mashine zikajengwa na kingine.

Tusidanganyane, debuginfod sio iliyoshika huyo mwizi. Ilikuwa ni macho ya mtu mmoja na ubishi wake. Pia lazima uamini anayeiendesha hiyo seva, na programu zilizofungwa hazimo kabisa. Lakini hiyo kesi inaonyesha wazi kwamba kusema "msimbo uko wazi" haitoshi. Swali ni kama unaweza kuona msimbo uliojenga kile kinarun kwa mashine yako leo.

Zamani hiyo kazi ilikuwa ya wale wanajua kutafuta paketi za dibagi na kupanga kila kitu kwa mkono. Saa hii wewe kwa bedsitter yako, na lapi ya mtumba, unaona mstari ule ule mwenye anatunza hiyo paketi anaona. Kwa hivyo GDB ikikuuliza tena, na bando iko, bonyeza y. Halafu ukikuta sehemu inakula mashine yako na haina jina wala msimbo, usiipite tu. Uliza ni nani aliiweka hapo.