Kigoda kilichopinda ni bora kuliko cha kununua

Mwalimu ametangaza kwamba kila mwanafunzi alete kigoda Jumatatu. Jumamosi jioni mzazi anapita kwa fundi wa jua kali, anatoa noti na kurudi nyumbani na kigoda kilichopigwa msasa kikang'aa. Mtoto anapata alama nzuri, na mama mtu anafurahi. Je, mpenzi msomaji, ni nani hasa aliyefuzu mtihani huo? Ni fundi.

Mchezo huu haukuanza leo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985, kazi za mikono zilitiliwa mkazo na wazazi wakaombwa kujenga karakana kwa harambee. Shule nyingi zilikosa randa na misumeno ya kutosha, na miko ya sokoni ikaingia darasani kana kwamba imechongwa na watoto. Siku hizi, chini ya mtaala wa umilisi, wanafunzi wa Gredi ya 7 hadi ya 9 wana somo la mafunzo ya awali ya ufundi. Wazazi nao wangali wanafanya kazi ambayo watoto walipewa.

Lawama si za mzazi peke yake. Tatizo ni kwamba tunadai kigoda kabla ya kuufunza mkono.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwanagenzi wa useremala aanze na jiwe la kunolea, si na kigoda. Patasi hunolewa kwa pembe ya takriban digrii 30, na mtoto ajifunze kuishikilia pembe hiyo bila kuyumbayumba. Wazazi wengi huhofia chombo kikali, lakini chombo butu ndicho cha kuogopwa zaidi. Patasi butu hulazimisha mtoto kusukuma kwa nguvu, nayo ikiteleza haina wa kuizuia. Kali hukata kwa nguvu kidogo tu. Sharti lisilovunjwa ni hili: mikono yote miwili ikae nyuma ya makali, na mbao ibanwe kwenye jiliwa, isishikiliwe kwa mkono.

Pili ni kuchora mstari. Penseli huacha alama nene, na hapo mtoto hajui akate upande upi. Ncha ya kisu, ikiongozwa na skwea, huacha mfereji mwembamba unaokata nyuzi za juu za mbao, na ukingo hautoki mapengemapenge. Msumeno upite upande wa kipande kitakachotupwa, mstari wenyewe ubaki.

Tatu ni msumeno huo. Mwonyeshe mtoto kwamba meno yake yamepindwa moja kulia, moja kushoto. Kwa hiyo njia inayokatwa huwa pana kuliko bamba la msumeno, nalo halikwami. Akikwama, aghalabu ni kwa kuwa anaupinda msumeno au anaukandamiza. Akate vipande kumi vya mabaki kabla ya kugusa mbao ya kazi. Cha kumi kitamfunza kuliko hotuba ya mwalimu.

Kisha randa. Nyuzi za mbao zina mwelekeo, kama manyoya ya paka. Ukizifuata, mbao inalainika, ukienda kinyume inachanika. Mtoto akiona uso umechanika, aigeuze mbao na kujaribu upande wa pili. Baada ya hapo aunde kiungo chepesi cha nusu kwa nusu: kila kipande kinapunguzwa nusu ya unene wake, viwili vinalaliana na kuwa kimoja. Akikifanya hicho kikakaa sawa bila msumari, kigoda hakitamshinda.

Huhitaji utajiri kwa haya. Mabaki ya saiprasi, mbao laini inayomfaa anayeanza, hupatikana kwa maseremala karibu kila mtaa, na huko Gikomba jijini Nairobi huyakosi. Patasi moja, msumeno mmoja, skwea na jiwe la kunolea vyaweza kutumiwa na watoto wa nyumba tatu kwa zamu. Na wasichana wasiachwe wakishika tochi huku ndugu zao wakishika msumeno.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mtoto anayenunuliwa kazi yake hujifunza jambo moja vizuri sana, nalo ni kwamba jasho la mtu mwingine laweza kuitwa lake. Somo hilo atalibeba hadi chuoni na ofisini. Aliyeharibu mbao mbili na kuunda kigoda kinachoyumba anajua ni mguu upi mfupi, na kwa nini. Huyo kigoda chake cha pili kitasimama.

Kwa hivyo, walimu, tunawasihi: punguzeni alama za kinachong'aa, ongezeni za kinachofanywa mbele ya macho yenu. Mpeni kila mwanafunzi kipande cha mbao, skwea na msumeno, achore mstari na kuukata hapo hapo darasani. Dakika kumi zinatosha kuonyesha mkono ni wa nani. Wazazi nao, mtoto akiomba pesa za kigoda, mnunulieni mbao.