Picha safi, mkono bado unatetemeka

Jamani, leo naacha habari za kodi kidogo. Mjomba wangu akishika kikombe cha chai mikono hutetemeka. Akiipumzisha mapajani inatulia. Tukachanga pesa, akapigwa picha ya MRI ya kichwa. Majibu: hakuna tatizo. Basi minong'ono ikaanza nyumbani, eti anajitia, eti ni pombe.

Mimi naona mashine haikukosea. Tulikosea sisi. MRI ya kawaida huonyesha umbo la ubongo, kama vile kufungua kompyuta na kukagua nyaya. Nyaya zinaweza kuwa nzima na programu bado inakwama. Mtetemeko kama wa mjomba, ambao mara nyingi hurithiwa, kwa kawaida hauonekani kwenye picha hiyo. Daktari wa mishipa ya fahamu huutambua kwa kukutazama: kunywa maji, chora mstari unaozunguka kama gamba la konokono.

Anayeshukiwa zaidi na watafiti ni serebela, ubongo mdogo ulio kisogoni. Ni kama asilimia 10 tu ya uzito wa ubongo, lakini kati ya seli za neva bilioni 86, kama bilioni 69 zimo humo! Hulinganisha mwendo uliokusudia na unaotendeka, kisha husahihisha. Aina nyingine ya MRI, fMRI, hufuatilia oksijeni ya damu mtu akiwa anafanya jambo, nayo imeonyesha serebela za wagonjwa hawa zikifanya kazi tofauti na za wengine.

Ila msizishangilie rangi zile. Ni takwimu zilizopikwa na programu, na programu tunaandika sisi binadamu. Mwaka 2016 Anders Eklund na wenzake walionyesha kwamba baadhi ya njia za uchambuzi zingeweza kuona kitu mahali pasipo na kitu hadi asilimia 70 ya mara, badala ya 5 iliyotarajiwa. Programu moja, AFNI, ilikuwa na hitilafu iliyokaa miaka 15. Kumi na mitano! Mimi hugombezwa kwa hitilafu ya wiki mbili. Isitoshe, sehemu kuwaka haimaanishi ndiyo chanzo. Kwenye ugonjwa wa Parkinson, huenda serebela inawaka kwa sababu inabeba mzigo wa sehemu nyingine.

Kwa hiyo wenye mgonjwa wa namna hii, tafuteni kwanza daktari atakayemtazama akinywa chai. Wetu alimwanzishia propranolol. Mikono imetulia kiasi, ingawa kikombe bado tunamjazia nusu.