Wikiendi hii nakupa vitu vinne tu, na vyote nimevimaliza

Ijumaa imefika, siku ya ile orodha yetu ya wikiendi kwa watu wa kazi za ubunifu: maprodyuza, wapiga picha, waandishi, wachora logo, na nyie mnaoediti video mpaka adhana ya alfajiri. Ila leo kabla sijawapa orodha nina jambo la kuungama.

Wiki iliyopita nilikutana na mshikaji wangu mmoja, jina kapuni, anaediti video za muziki hapa Dar. Tumekaa kwa mama ntilie, tunasubiri wali maharage, akaniuliza: "Kaka, kile kitabu ulichotuambia tusome, Peponi, nimekimaliza. Hivi wewe unaona Yusuf alifanya sawa pale mwisho?"

Nikameza mate. Nikajibu, "Aah, inategemea na mtu." Akaniangalia, akacheka kidogo, akaendelea kula.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeishia kurasa arobaini. Yeye alikisoma wiki tatu kwenye daladala, kwenda na kurudi Mbagala, kwa sababu mimi nilimwambia ni kizuri. Mimi niliyemwambia nilikuwa nimekipiga picha pembeni ya kikombe cha kahawa, basi.

Kuna staa mmoja wa hapa mjini aliposti vitabu saba kitandani, "vya mwezi huu," na viwili bado vina plastiki. Watu tulimcheka sana. Mimi nilicheka zaidi ya wote, na sasa naona nilikuwa najicheka mwenyewe.

Maoni yangu ni haya, na mnaruhusiwa kunipinga: orodha zetu hizi zimegeuka kuwa kazi nyingine. Mtu katoka kupigizana kelele na mteja anayetaka mabadiliko ya tisa kwa hela ileile, anafungua simu apumzike, anakutana na vitabu vitano, podikasti nane, filamu sita na mazoezi ya saa kumi na moja alfajiri. Anasevu vyote. Hafanyi hata kimoja. Jumatatu anaamka na deni jipya, deni la kupumzika.

Na sisi watu wa ubunifu ndio tunaumia zaidi, maana hatuna saa ya kutoka kazini. Ofisi iko kwenye laptopu, na laptopu iko kitandani. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliutambua rasmi ule uchovu wa kazi unaomchosha mtu mpaka moyoni. Halikuuita ugonjwa, lilisema ni hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa. Kwa hiyo ukijiona kazi unayoipenda imeanza kukuchefua, usikimbilie kudhani umelogwa au kipaji kimeisha.

Najua kuna atakayesema, "Kupumzika ni kwa wenye hela, kodi haisubiri." Ni kweli, haisubiri. Mimi mwenyewe nimelipa ya miezi mitatu juzi na nimebaki na nauli. Ndio maana sikwambii uache kazi uende ufukweni. Nakwambia chagua kitu kimoja, kimalize, halafu usikiposti.

Haya, orodha yenyewe.

KUSOMA: Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Kwa Kiingereza ilitoka 1994 kwa jina la Paradise, na Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa Kiswahili kitamu. Yusuf ni mtoto anayetolewa kwa tajiri kufidia deni la baba yake. Safari hii nimefika ukurasa wa mwisho, na jibu langu kwa mshikaji ni hili: hakufanya sawa, ila ningekuwa yeye ningefanya vilevile.

KUSIKILIZA: Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Super Matimila, ya mwaka 1989. Jina la Kiingereza lisikutishe, ni Dokta Remmy yuleyule wa Dar. Isikilize kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kuruka wimbo. Kama wewe ni prodyuza, sikia magitaa yanavyopishana, hakuna anayemkanyaga mwenzake.

KUTAZAMA: Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, filamu ya 2021 kutoka riwaya ya Adam Shafi. Zanzibar ya miaka ya 1950, binti anakimbia ndoa ya kulazimishwa, anakutana na kijana wa harakati za kudai uhuru. Wapiga picha, angalieni rangi na vivuli. Simu iweke chumba kingine.

AFYA: Lala. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba. Na ukiwa kwenye kioo, kila dakika ishirini inua macho utazame kitu cha mbali, kama mita sita hivi, kwa sekunde ishirini. Haina gharama na haihitaji bando.

Kuanzia leo orodha yangu haizidi vitu vinne, na sitaweka kitu ambacho sijakimaliza. Wiki nikikosa muda nitawaambia nimekosa muda, mtanisamehe.

Yule mshikaji nilimpigia juzi usiku nimwambie jibu langu kuhusu Yusuf. Tulibishana karibu nusu saa. Mwisho akasema, "Kaka, leo ndio umekisoma." Nilipokata simu nikagundua kwamba nusu saa nzima hakuna aliyetaja mteja wala dedilaini.

Wewe je, kitu gani cha mwisho ulichokimaliza bila kumuonyesha mtu?