Bwana Shamba Azungumza: Kipuri Kikikosekana



Mwezi huu sitazungumza juu ya mihogo. Nitazungumza juu ya gitaa.

Usishangae. Nilikwenda kijiji kimoja karibu na Chanika kuangalia mihogo. Vijana wakaniita bandani. Humo nikakuta gitaa moja la umeme, spika ya gari, na betri ya sola ya volti 12. Walikuwa wanatengeneza amplifaya yao ya kwanza. Amplifaya ni chombo cha kukuza sauti. Gitaa la umeme bila amplifaya halisikiki hata chumba cha pili.

Mkoa wetu wa Tanga si mgeni wa magitaa. Bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zilitoka huku. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walipiga katika Jamhuri Jazz. Baadaye walikwenda Kenya, na mwaka 1971 wakaanzisha Simba Wanyika. Kwa hiyo sikuwacheka vijana hawa.

Lakini walikuwa wamekwama. Mchoro wao ulitaka kapasita ya mikrofaradi 1000. Wengine huiita kondensa. Fundi redio hakuwa nayo. Kwenda Tanga mjini kwa kipuri kimoja ni nauli ya bure. Kijana mmoja akashika kapasita ndogo aliyoing'oa katika redio mbovu. Akasema, "Zote ni kapasita. Tuweke hii."

Nikamwambia angoje. Nikamwuliza juu ya mbolea. Mfuko wa Urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Mfuko wa CAN wa kilo 50 una kilo 13 tu. Ukikosa Urea unaweza kutumia CAN. Lakini ukiweka mfuko kwa mfuko, mahindi yatakuwa ya manjano. Sharti usome namba, kisha upige hesabu. Kijana alilijua hilo vizuri. Baba yake ni mkulima hodari.

Basi tukasoma namba za kapasita. Ziko mbili.

Namba ya kwanza ni mikrofaradi. Hii ni kama ukubwa wa debe. Inaonyesha kapasita inabeba umeme kiasi gani. Namba ya pili ni volti. Hii ni kama unene wa bati la debe. Inaonyesha kapasita inastahimili nguvu kiasi gani.

Volti za kapasita zinaweza kuzidi zile za mchoro. Zisipungue kamwe. Mchoro wao ulisema volti 16. Ya volti 25 inafaa. Ile ya kijana ilikuwa ya volti 10. Tukaiweka kando. Kumbuka pia kwamba betri ya volti 12 ikiwa inachajiwa na sola hupanda kupita volti 14.

Fundi alikuwa na kapasita za mikrofaradi 470, volti 16. Je, moja ingetosha? Hapa ni lazima tujue kazi yake. Kapasita hii hukaa kati ya amplifaya na spika. Hupitisha sauti, na huzuia umeme wa betri usiingie moja kwa moja katika spika na kuiunguza. Ikiwa ndogo mno, sauti nene hazipiti vizuri. Uzi mnene wa gitaa hutikisika kama mara 82 kwa sekunde. Kwa spika ya omu 4, kapasita ya 470 huanza kudhoofisha sauti karibu na mara 85. Uzi mnene ungelia kinyonge.

Tukaweka mbili pamoja. Mguu wa chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. 470 na 470 ni 940. Hiyo ni karibu kabisa na 1000. Kapasita za namna hii zenyewe hutofautiana na namba yake kwa asilimia 20 hivi, kwa hiyo upungufu huo si kitu. Kama spika yako ni ya omu 8, moja ya 470 ingekutosha.

Angalia usizifunge kwa kufuatana, moja nyuma ya nyingine. Ukifanya hivyo utapata 235 tu. Rezista ndizo hujumlishwa kwa kufuatana. Ukikosa ya omu 220, funga ya 100 na ya 120 zifuatane.

Mstari uliochorwa ubavuni mwa kapasita unaonyesha mguu wa hasi. Ukigeuza miguu, kapasita huvimba na inaweza kupasuka usoni mwako. Ile kuukuu iliyovimba kichwa au kuvuja, itupe. Na using'oe vipuri katika televisheni ya zamani yenye kioo kinene. Ndani yake umeme mkali hubaki hata baada ya kuchomolewa. Unaweza kukuua.

Kitu kimoja nilikikataa kabisa. Hawakuwa na fyuzi ya ampea 2. Badala yake walikuwa wamezungusha waya wa shaba. Ndugu zangu, betri ya volti 12 haikurushi ukiigusa, lakini nyaya zikigusana hutoa umeme mwingi mno. Waya hugeuka kaa la moto. Na banda lile limeezekwa kwa nyasi. Fyuzi ndogo kuliko iliyotakiwa itakusumbua kwa kukatika tu. Kubwa zaidi, au waya, hapana. Kijana akapanda baiskeli, akarudi na fyuzi tatu.

Jioni wakawasha. Uzi mnene ulisikika mpaka kisimani. Mzee mwenye banda akauliza kama kuna kidude cha kupunguzia sauti. Hawakuwa wamekifunga. Wanakitafuta sasa.

Mwezi ujao tutarudi kwenye mihogo.