Kabla ya kuchagua mfumo endeshi, uliza nani atautunza

Watengenezaji wenzangu wakitafuta mfumo endeshi huria wa kutia kwenye vifaa vidogo, kama mita za maji au mashine za tiketi, wengi huanza kwa kuuliza upi una kasi zaidi. Kwa maoni yangu, hilo ni swali la mwisho.

La kwanza ni ukubwa, na hapo hakuna ubishi. Chipu ya STM32F103C8 ina kilobaiti 64 za kuhifadhia programu na kilobaiti 20 tu za RAM. Linux, inayohitaji megabaiti kadhaa, haiingii. Hapo utafikiria FreeRTOS, aliyoianzisha Richard Barry mwaka 2003, au Zephyr, iliyozinduliwa na Linux Foundation mwaka 2016. Zote ni za bure, na leseni zake, MIT na Apache 2.0, hazikulazimishi kutoa msimbo wako hadharani.

La pili ndilo kubwa: nani atautunza kwa miaka kumi ijayo? Mita ikishafungwa ukutani, ni gharama kumtuma fundi na laptopu nyumba hadi nyumba. Mwaka 2018 watafiti wa kampuni ya Zimperium waligundua kasoro 13 za usalama katika sehemu ya mtandao ya FreeRTOS. Viraka vilitolewa, lakini kiraka hakisaidii kifaa kisicho na njia ya kukipokea.

Na msidhani jina kubwa ni kinga. Mwaka 2024 Arm ilitangaza kwamba mwisho wa kuitunza Mbed OS ni Julai 2026. Msimbo haufutwi, na huo ndio uzuri wa programu huria. Lakini mzigo wa kuziba mashimo unakuangukia wewe.

Ndiyo maana kifaa kikiwa cha kuunganishwa na intaneti, mimi huchagua Zephyr. Haimilikiwi na kampuni moja, ina matoleo yanayotunzwa kwa muda mrefu, kama 3.7 la Julai 2024, na hufanya kazi na MCUboot, ambayo hukagua sahihi ya programu mpya kabla ya kuiwasha. Kujifunza kwake kutakutoa jasho, sikudanganyi. Kwa kazi ndogo isiyo na mtandao, FreeRTOS yatosha kabisa.

Basi kabla ya kwenda kufunga mita elfu moja, jaribu kusasisha moja ukiwa mbali nayo, kisha zima umeme katikati ya kazi. Isipoamka, bado hujamaliza kuchagua.